Misumari Minne ya Chumba cha Redio

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta, mliponiaga mlinipa doti mbili za kanga, saa ya ukutani ambayo mpaka leo haijakubali kutembea, na kazi ya kuandika. Mlisema, Mama Fadhili, tuandikie mlivyokuwa mkifanya kabla yetu, tusije tukadhani dunia ilianza na sisi. Nilicheka, lakini nimekaa naandika. Mambo ya vyeo sitayagusa, maana nilipanda vichache na hakuna atakayefaidika kwa kuvijua. Nitawaeleza habari za redio, za misumari, na za mtu mmoja wa stoo ya dawa ambaye ningependa mmjue kabla sijaanza kusahau.

Niliingia kazini miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, pale maduka ya Masasi yalipoanza tena kuwa na sabuni, na mitumba ikamwagwa sokoni mpaka sisi walimu tukapendeza. Nilikuwa nafundisha darasa la pili. Mradi wa afya ulikuwa unatafuta mtu wa kukaa kwenye redio ya upepo, ile ya kuitana kituo kwa kituo, mwenye mwandiko unaosomeka na sauti inayopenya. Mwandiko nilirithi kwa baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni na mtu wa kanisa tangu kuzaliwa. Sauti nilipewa na watoto wa darasa la pili.

Aliyenipokea ni Mzee Chitanda, Myao mwembamba aliyefanya kazi ya telegramu posta mpaka akastaafu, kisha mradi ukamtoa shambani kwake ukamrudisha ofisini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikabidhi kitambaa na chupa ya maji ya betri. Mimi nilitegemea maikrofoni. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi kwenye sola, kuongeza maji kwenye betri na kufukuza mbuzi waliopenda kujikuna kwenye nguzo ya antena. Sketi yangu ya kwanza ya kazini ilitoboka matundu kwa maji yale. Nilipomlalamikia aliniambia sasa naanza kufanana na mfanyakazi.

Niwaeleze mambo yalivyokuwa. Zahanati zetu zilikuwa zimetawanyika kuanzia Masasi, kupanda ukingo wa uwanda wa juu hadi Newala, mpaka mbele ya Tandahimba. Kila moja ilikuwa na redio, betri ya gari na sola juu ya bati. Upande wa pili kulikuwa na wale wa kuhudumia: stoo ya dawa hapo Masasi, watu wa chanjo na barafu zao, maabara, na gari la wagonjwa, moja tu, lililolala Newala kwa sababu huko juu ndiko kwenye shida zaidi ya usafiri. Nesi wa zahanati hakuwa na haja ya kujua nani yuko zamu stoo wala dereva amekwenda kunywa chai wapi. Alitwambia sisi, na sisi tulijua habari yake inamhusu nani. Siku mliponieleza kwamba mfumo wenu una dalali wa ujumbe katikati, anayepokea kwa huyu na kumfikishia yule bila wao kuonana, nilisononeka kidogo. Miaka yote ile nilijiita mtumishi, kumbe nilikuwa dalali, na huku kwetu penye korosho mnajua dalali anavyosemwa.

Mzee Chitanda alikuwa na sheria moja kuu. Wauguzi walizoea kupiga kelele, nileteeni gari, nileteeni dawa fulani. Yeye hakupokea ujumbe wa namna hiyo. Nesi mmoja wa upande wa Lisekese aliwahi kudai gari kwa mtoto aliyeanguka kwenye mkorosho. Mzee akamuuliza nini kimetokea. Mkono umevunjika, basi, mtoto anakula na anacheka. Ile habari ikaenda pia kwa watu wa chanjo, na mmoja wao aliyekuwa anapita njia hiyo kwa pikipiki akampakia mtoto na mama yake. Gari likabaki kwa ajili ya mtu mwingine. Baada ya hapo Mzee aliniambia maneno niliyoyashika maisha yangu yote ya kazi.

"Wao waseme kilichotokea. Cha kufanya, kila mwenye kazi yake atajua mwenyewe."

Ukutani nyuma yetu kulikuwa na misumari minne: wa stoo, wa chanjo, wa maabara na wa gari. Ujumbe ukiingia niliuandika kwenye kipande cha karatasi na kuutundika kwenye msumari wa anayehusika. Ukiwahusu wawili niliunakili mara mbili. Mtu wa stoo akija asubuhi anachukua karatasi zake kwa mpangilio zilivyoingia, na asipokuja zinamngoja. Haziondoki na hazigombani. Msumari wa gari ndio pekee ambao haukusubiri mtu aje, maana gari lilikuwa Newala. Kwa huo niliisoma habari papo hapo kwa redio, mtu wa Newala akairudia neno kwa neno, akasema nimepokea, ndipo nikaitoboa karatasi kwenye msumari.

Hilo la kusema nimepokea mnalijua, nimeona na nyie mnalo. Na yaliyotupata bila shaka na nyie yamewapata. Zahanati moja iliomba barafu za chanjo, mvua ikawa inanguruma hewani, hawakusikia tulipoitikia, wakarudia. Tukadhani ni ombi jipya. Barafu zikaenda mara mbili na zahanati nyingine ikakosa. Mzee Chitanda hakumfokea mtu. Aliagiza kila kituo kihesabu ujumbe wake na kutaja namba kabla ya kusema lolote, ili tukisikia namba ileile tujue ni ileile.

Asubuhi kabla ya kazi kila kituo kilitoa salamu. Shikamoo Mzee, marahaba, hamjambo huko, hatujambo, na kadhalika, kituo kimoja baada ya kingine. Ofisa mmoja wa mradi alipokuja kututembelea alisema tunamaliza betri kwa adabu. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha chai, na kesho yake salamu zikaendelea. Kituo kisichoamkia asubuhi alijua redio yake imekufa, au betri imeibwa, au nesi anaumwa, na kabla ya jua kuwa kali alishatuma mtu kwenda kutazama. Mimi nilidhani anapenda tu kuamkiwa. Nadhani na hilo pia lilikuwemo.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi wa korosho. Chama cha ushirika kilikuwa kimechoka, kikaanza kupangisha vyumba vya ofisi zake. Sisi tulikuwa wapangaji wa kwanza. Chumba cha jirani yetu kikachukuliwa na kampuni moja ya korosho, nao wakaja na redio yao, mpya, inayong'aa, ya kuulizana bei na vituo vyao vya kununulia. Jengo lile halikuwa na dari. Ukuta uliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na juu yake ni bati moja kwa wote. Kwa hiyo mwendeshaji wao, Athumani, alisikia kila mgonjwa wangu, na mimi nilisikia kila bei yake.

Wakulima walilijua hilo haraka kuliko wenye kampuni. Walikuja kunijulia hali na mihogo mikononi, watu ambao hawakuwahi kuniamkia kanisani. Sikuwaambia kitu. Mzee Chitanda alisema tukianza kutoa habari za jirani, hakuna atakayetuamini na habari za wagonjwa. Nilikuwa na bei za wilaya nzima kichwani, na korosho zetu za nyumbani mume wangu akaziuza kwa mnunuzi wa kwanza aliyepita. Nilimtazama akifunga magunia nikanyamaza, na hilo bado linaniuma kidogo nikiandika.

Athumani naye tulikuwa hatuelewani. Nilimlaumu kwa kelele zake, yeye akanilaumu kwa salamu zangu. Tulikuwa tunagonga ukuta kama wapangaji wa nyumba moja wenye watoto wakorofi.

Sasa nije kwa mtu niliyesema ningependa mmjue. Tulimwita Baba Rukia, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mtunza stoo ya dawa, Mmakonde wa Namtende, kijiji cha huko juu uwandani. Mtu mpole, mwenye utani wa chini kwa chini. Akija kuchukua karatasi zake kwenye msumari alizisoma kwa sauti kama imamu anayetangaza ndoa: dawa ya minyoo ya zahanati fulani inatafuta posa. Siku ngumu zilipita kwa utani wake. Baba yake mzazi alikuwa anaumwa muda, akitibiwa palepale zahanati ya Namtende na Mama Stela, muuguzi aliyezalisha nusu ya kijiji.

Hapa nahitaji kuwakumbusha jambo ambalo nyie wa mjini mnaweza kuwa mmelisahau. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa mbali na peke yake. Unamtumia neno kwamba mgonjwa amezidiwa, aje. Yeye anakuja. Njiani ana hofu, lakini ana pa kushika. Akifika anakuta watu wamekaa, anakalishwa, anapewa maji, na mkubwa mmoja anaanza kumsimulia tangu homa ilipoanza, taratibu, mpaka anafika panapouma, na wakati huo mikono ya watu iko tayari kumshika. Kila mtu anaijua njia hii, na kila mtu akiitwa hivyo huwa anakataa kuielewa. Sijaona desturi yenye huruma kuliko hiyo.

Asubuhi moja ya msimu wa korosho, salamu zikiwa zimekwisha, Mama Stela wa Namtende aliita. Alitaja namba yake, akasema baba mzazi wa Baba Rukia amezidiwa, Baba Rukia aje nyumbani. Nikaandika. Nikamwita Baba Rukia stoo, nikamsomea kama ilivyokuja. Akaenda kufunga stoo, akarudi na mfuko wake. Lori la kampuni ya jirani lilikuwa linapakia magunia matupu ya kupeleka juu, wakamkubalia nafasi likishajaa. Akakaa kwenye benchi letu kulisubiri.

Mimi nikaendelea na kazi. Mgonjwa aliyezidiwa kwenye zahanati ni habari ya msumari wa gari, haihitaji mtu kuomba. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tulivyofundisha wengine. Nikaisoma kwa Newala, wakairudia, wakasema wamepokea. Dereva wetu Issa aliacha chai yake mezani akaondoka kuelekea Namtende. Kila kitu kilikwenda jinsi Mzee Chitanda alivyokipanga. Siku hiyo ningeweza kupewa cheti.

Ndipo Mbalasha wakaita. Mbalasha ilikuwa chini ya ukingo, upande wa Masasi. Nesi wa pale alikuwa mtu wa kuongea polepole, lakini asubuhi ile maneno yalikuwa yanamtoka yakikanyagana. Alikuwa na mama mwenye uchungu tangu jana, mtoto amelala vibaya, mkono umetangulia, na mama ameanza kuishiwa nguvu. Hakusema niletee gari. Alisema kilichotokea. Kila aliyesikia alielewa kwamba yule mama asipofika kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali ya Ndanda kabla jua halijapanda sana, anakufa yeye na mtoto wake.

Niliita Newala. Wakasema gari limeshaondoka, na ndani ya gari hakukuwa na redio. Nikafikiria: Issa atafika Namtende, atampakia mzee, atarudi njia ileile, atashuka ukingo, atapitia Mbalasha. Ni mzunguko mrefu, lakini mgonjwa akiwa tayari kando ya barabara tutaokoa muda. Nikamwita Mama Stela, nikamweleza habari za Mbalasha, nikamwomba mgonjwa wake awe barabarani gari litakapofika.

Hakujibu. Nikadhani redio imekata, nikaita tena. Aliporudi hewani sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Fadhili, hapo chumbani uko na nani?"

Spika yetu ilikuwa wazi. Baba Rukia alikuwa kwenye benchi, anafunga upya kamba ya mfuko wake. Mikono yake ikasimama. Alikuwa mtu wa uwandani. Yeye mwenyewe alishawahi kutumwa kuwaita watu kwa neno hilohilo, na aliijua njia ile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kumwambia akaniletee maji. Jagi la maji lilikuwa mezani, limejaa, tunalitazama wote wawili.

Kama Mama Stela angesema, angemwua mtu kwa habari, peke yake, kwenye benchi la ofisi. Kama angenyamaza, Issa angeendelea kukimbia kumfuata maiti, na yule mama wa Mbalasha angengoja. Hakutaka kusema, na mimi sikutaka kumwuliza.

Baba Rukia aliinuka, akaja mezani, akanyoosha mkono kuomba maikrofoni. Nikampa.

"Shikamoo Mama Stela. Ni mimi. Mzee ametutoka?"

Mama Stela akaitikia marahaba, kwanza, kama kawaida yetu, na baada ya marahaba akasema, "Ametutoka, baba. Alfajiri."

Mzee Chitanda akasema inna lillahi, akavua kofia. Mimi nilikuwa nalia tayari. Baba Rukia hakulia. Alinirudishia maikrofoni, akaniuliza kama yule mama wa Mbalasha anaweza kungoja. Nikamwambia hawezi.

Hapo sauti ikapita juu ya ukuta. Athumani, ambaye hatukuwa tumesalimiana tangu wiki iliyotangulia, alisema gari letu halijafika njia panda ya kwenda Namtende, mtu wao wa kituo cha kununulia yuko pale na redio, ameshamwambia asimame katikati ya barabara. Alikuwa amesikia kila kitu, kama nilivyokuwa nasikia bei zake. Baba Rukia akatoka mlangoni kwetu akaingia mlangoni kwake.

Issa alisimamishwa, lakini akakataa kugeuza. Nilimsikia kupitia kwa yule mtu wa korosho, anasema yeye ana mgonjwa Namtende na hawezi kugeuzwa na kampuni. Nisimlaumu. Watu wa njiani walishamdanganya zaidi ya mara moja ili wapate lifti, na Mzee Chitanda alishamwambia gari linalomfuata mgonjwa halisikilizi mtu wa barabarani. Mtu wa korosho akawa anabembeleza, Issa akawa anapandisha sauti. Kisha nikasikia Athumani anasogeza kiti, na Baba Rukia anaongea, kwa utulivu, kama anayetaja dawa zilizobaki stoo.

"Issa, ni mimi wa stoo. Unayemfuata ni baba yangu, naye ameshafariki. Hahitaji gari. Geuza, nenda Mbalasha."

Issa akasema, "Pole sana, kaka. Nageuza."

Niliwaambia Mbalasha gari linakuja, nikaiandika ile karatasi, nikaitundika kwenye msumari. Siku hiyo hata mwandiko wa baba haukunisaidia. Baadaye jioni Ndanda walitupa habari: mama amepasuliwa, mzima, mtoto alichelewa kulia lakini akalia. Msitegemee niwaambie mtoto alipewa jina la marehemu. Alikuwa wa kike, akapewa jina la bibi yake, kama watu wote. Sikuwahi kumwona, wala mama yake hajui kwamba nipo. Lakini nimemshukuru Mungu kwa ajili yao miaka yote hii, na nikisema nimemshukuru namaanisha kwa kupiga magoti.

Baba Rukia aliondoka na lori la kampuni, juu ya magunia matupu. Dereva alimwita akae mbele, akakataa.

Kulikuwa na kikao baada ya hapo. Wengine walitaka Mama Stela aandikiwe onyo kwa kutuma habari isiyo kweli. Mzee Chitanda aliwauliza ni nani kati yao angempa mwenzake msiba kwa spika, na hakuna aliyenyoosha mkono. Tukakubaliana hivi. Habari kwa ajili ya kazi isemwe ilivyo, hata kama ni kifo, maana gari halina moyo wa kuvunjika. Habari kwa ajili ya ndugu isipite hewani kabisa. Kituo kitauliza kwanza nani yuko chumbani, na tutatafuta mtu wa kumpelekea, mtu mwenye miguu na mikono. Nikapigilia msumari wa tano, mbali na ile mingine, ambao karatasi zake hazikusomwa kwa sauti. Mimi na Athumani tuliacha kugonga ukuta. Nilipohitaji redio yake alinipa, na mimi nilipunguza salamu, kidogo.

Kampuni ile ilifunga, ikaja nyingine, nayo ikafunga. Mzee Chitanda alirudi shambani kwake mara ya pili, na tulimzika tukiwa na simu za mkononi tayari. Simu zilitufurahisha mpaka tukagundua kwamba sasa kila mtu anampigia kila mtu, nesi anampigia dereva, dereva anampigia mtu wa stoo, na hakuna anayejua nani ameambiwa nini. Watu watatu walienda kumchukua mgonjwa mmoja, na mwingine hakufuatwa na mtu. Nilikuwa nimebaki na misumari yangu kama kichekesho cha ofisi, hadi mlipokuja nyie.

Nawashukuru, na si kwa kanga tu. Mlinikalisha mkanieleza foleni yenu, namba za ujumbe, risiti za kupokea, na jinsi mashine inavyotunza habari hata umeme ukikatika Masasi nzima. Mimi betri ikifa nilikuwa nategemea kichwa changu, na mnakijua kichwa changu. Na nilipowasumbua juu ya lile neno moja, mlinisikiliza. Mfumo wenu ulikuwa unataka kituo kikiandika amefariki, basi stoo, gari na takwimu wapate habari, na ndugu naye apate ujumbe kwenye simu yake sekunde hiyohiyo. Mkanilalamikia kwamba nawarudisha nyuma. Lakini mkalitenga lile sanduku la habari za ndugu, mkaweka mtu badala ya simu. Hamkuniuliza kwa nini niling'ang'ania namna ile. Nimewaambia sasa.

Limebaki moja. Siku mliyoniaga Mama Stela alikuja, mnamkumbuka, yule bibi aliyemaliza soda zenu. Baada ya hotuba tulikaa wawili, nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kumwuliza Baba Rukia mwenyewe enzi za uhai wake: alipofika nyumbani siku ile ilikuwaje.

Mama Stela alisema alikimbia kutoka zahanati kuwaambia wazee kwamba kijana anajua tayari, asisumbuliwe. Hakuwahi. Lori lilikuwa limeshafika. Alimkuta Baba Rukia amekalishwa kwenye mkeka, amepewa maji, na mjomba wake ameanza. Mwanangu, mzee wako alishikwa tena na homa juzi. Baba Rukia akauliza, mlimpa dawa gani. Mjomba akajibu. Akauliza, na alikula? Mjomba akasema alikula kidogo, akataja na uji. Mama Stela alisimama mlangoni, Baba Rukia akamwona, akamtikisia kichwa asiseme kitu. Kisha akamgeukia mjomba wake, akamwambia endelea, mjomba, nakusikiliza. Na mjomba akaendelea taratibu, hatua kwa hatua, anachagua maneno, anafuta jasho, mpaka akafika mwisho.

Ndipo Baba Rukia akalia.